Jeshi la jirani, kampuni, Umoja wa Mataifa au mshirika mmoja: msaada upi wa nje unajenga polisi penye vita?

Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapa Dar es Salaam kuzungumzia mashariki ya Kongo, siku chache tu baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wiki ile, kuanzia vijiwe vya kahawa mpaka vipindi vya redio, mjadala ulikuwa wa majeshi: nani abaki, nani aondoke, nani aongeze nguvu. Sikusikia wengi wakiuliza habari za polisi. Lakini mama anayeuza nyanya Goma, vita vikiisha kesho, hatakutana na jenerali. Atakutana na askari kwenye kizuizi cha barabarani, na atakavyotendewa pale ndivyo atakavyojua kama serikali imerudi au la.

Msaada wa nje wa kujenga upya polisi na majeshi huja kwa sura kadhaa, na kila sura ina watu wa kuipigia debe. Nimezipanga hapa zikitazamana kwa ajili ya yeyote atakayeombwa maoni: mwanafunzi wa Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, mtumishi wa kamati ya Bunge, asasi inayoandaa waraka wa kupeleka kwenye mkutano wa SADC. Vipimo vyangu ni vitatu. Mshahara wa askari unatoka wapi na unapita mikononi mwa nani? Raia aliyeonewa anashtaki wapi? Mfadhili akifunga mizigo, kinabaki nini? Idadi ya waliohitimu mafunzo sikuiweka. Ndiyo takwimu inayopendwa kwenye ripoti, na ndiyo inayotuambia kidogo kuliko zote.

Anza na mshahara

Umoja wa Ulaya ulipeleka Kongo misheni mbili sambamba. EUPOL, ya polisi, ilianzia Kinshasa mwaka 2005 na ikafungwa 2014. EUSEC, ya jeshi, ilianza 2005 pia, na ndani yake kulikuwa na kazi moja isiyo na mbwembwe: kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara. Kabla ya hapo fedha taslimu zilitoka Kinshasa, zikamfikia kamanda mkubwa, zikashuka kwa wa chini yake, zikashuka tena, na kila mkono ulichukua chake. Askari wa mwisho alipata makombo, na mwezi mwingine hakupata kitu. Huyo ana bunduki, ana mke na watoto, na yuko mbali na kwao. Vizuizi vya barabarani vya kutoza wapita njia vinaanzia hapo.

Wataalamu wa EUSEC waliwahesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, wakawapa vitambulisho, na makumi ya maelfu ya majina yakagundulika hayana watu nyuma yake. Sisi tuliopitia sakata la watumishi hewa mwaka 2016 tunaelewa bila kuelezwa zaidi. Sidai kwamba kazi ile iliokoa jeshi la Kongo. Goma imeanguka mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025. Ila kati ya yote ambayo wageni wamefanya Kongo, hii ni ya chache zilizogusa shina.

Afghanistan walijaribu njia fupi zaidi. Mwaka 2009 polisi wachache wa mkoa wa Wardak walianza kulipwa kwa simu kupitia M-Paisa, huduma ya ukoo mmoja na M-Pesa yetu. Baadhi yao walidhani mshahara wao umeongezwa kwa karibu theluthi nzima. Hawakuwa wameongezewa hata senti. Ilikuwa mara ya kwanza kuupokea wote. Kamanda mmoja alihamaki, akawaamuru vijana wake wamkabidhi simu na namba zao za siri, akataka kwenda kutoa fedha kwa wakala yeye mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye kibanda cha wakala hapa mjini anaweza kuiona picha hiyo. Inaeleza ufisadi wa vikosi vya usalama kuliko semina nzima, na inaonyesha pia kuwa dawa yake haihitaji mabilioni.

Kwa hiyo mfadhili akileta mpango wa mafunzo ambao hauna ukurasa hata mmoja kuhusu mshahara unavyomfikia askari, ningemrudishia.

Freetown na Kabul

Weka miji hii miwili kando kwa kando, kwa kuwa yote ilipokea wageni wengi katika miaka ileile.

Sierra Leone ilikuwa na mshirika mmoja mkuu, Uingereza. Rais Ahmad Tejan Kabbah alikubali jambo ambalo marais wengi wasingelivumilia: Mkuu wa Jeshi la Polisi awe mgeni. Keith Biddle, polisi mstaafu wa Uingereza, alishika cheo hicho kuanzia 1999, vita vikiwa bado vinaendelea, hadi 2003 alipomkabidhi Brima Acha Kamara, mwana wa nchi. Mwaka 2001 vituo vya polisi vilianza kuwa na vitengo vya familia, ambako mwanamke aliyebakwa anapokelewa na polisi akiwa pamoja na ofisa ustawi wa jamii, badala ya kusimulia yaliyomkuta kaunta mbele ya kila mtu. Msomaji wa Dar atalitambua wazo hilo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Zikaundwa na bodi za wananchi za kukaa na polisi wa eneo lao kila mara. Mwaka 2002 Uingereza ikaahidi kukaa miaka 10, na timu yake ya kufundisha jeshi, IMATT, haikufungwa mpaka 2013.

Kabul ilikuwa na kila mtu. Ujerumani ilichukua jukumu la polisi mwaka 2002, ikajenga upya chuo na kuweka kozi ya miaka mitatu kwa maofisa. Marekani ikaona hiyo ni ndefu mno, ikaleta kozi ya wiki nane kwa askari wa kawaida, ikiendeshwa na kampuni. Umoja wa Ulaya ukaingia 2007 na EUPOL yake. Mishahara ikalipwa na mfuko wa wafadhili uliokuwa chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mjerumani alitaka mpelelezi anayejua kufungua jalada, Mmarekani alitaka mtu wa kushika lindo wakati jeshi likipigana. Askari mmoja hawezi kuwa wote wawili kwa wiki nane. Marekani peke yake ilitumia karibu dola bilioni 90 kwa vikosi vya Afghanistan, na tarehe 15 Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul.

Haki itendeke: Sierra Leone ni nchi ndogo, na vita vyake viliisha kweli mwaka 2002. Afghanistan havikuisha. Hata hivyo naona tofauti kubwa iko kwenye mamlaka. Freetown kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, mwenye ofisi ndani ya polisi wenyewe, anayewajibika kwa rais wa nchi. Kabul mwananchi asingeweza kujua amlilie nani.

Na Sierra Leone haikufika peponi. Maandamano ya tarehe 10 Agosti 2022 yaliua raia na polisi pia, na risasi za moto zilitumika. Muundo mzuri bado unaweza kupewa amri mbaya.

Somalia iko upande wa Kabul katika ulinganisho huu. Marekani ina kikosi chake ilichokilea, Danab. Uturuki ilifungua kambi kubwa Mogadishu mwaka 2017, ikazaa Gorgor wa jeshi na Haram'ad wa polisi. Umoja wa Ulaya umekuwa ukifundisha tangu 2010, ukianzia Uganda. Falme za Kiarabu zilifundisha na kulipa askari wao mpaka ugomvi wa 2018 uliposimamisha kila kitu. Kila kikosi kinamtazama aliyekilea. Nchi inayohitaji jeshi moja imepewa ndugu wa baba mbalimbali, na siasa za Mogadishu zikichafuka, vikosi hivyo huvutwa huku na huko.

Jeshi la jirani

Hapa sisi Watanzania tuna ya kusema, mazuri na machungu.

Uzuri wa jirani ni kasi. Wapiganaji waliivamia Palma, mkoani Cabo Delgado kaskazini ya Msumbiji, Machi 2021. Julai Rwanda ikapeleka watu 1,000, wanajeshi na polisi, na mapema Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa. SADC nayo ikapeleka kikosi chake, SAMIM, Tanzania ikiwemo. Kwa mtu wa Mtwara hilo halikuwa jambo la mbali: Oktoba 2020 wapiganaji walikuwa wamevuka Ruvuma na kushambulia Kitaya. Hali kadhalika Kongo mwaka 2013, brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilisaidia kuwasambaratisha M23 kabla ya mwaka kwisha. Vijana wetu wamelipa kwa damu huko. Desemba 2017 pale Semuliki, karibu na Beni, walikufa askari wa JWTZ wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Ninaandika haya nikiwaheshimu.

Lakini brigedi hukomboa mji, haiachi kituo cha polisi. M23 walisambaratika 2013, na mwishoni mwa 2021 wakarudi kwenye vilima vilevile, kwa sababu nyuma ya jeshi hapakuwa na dola. Msumbiji kuna funzo la aina nyingine. Umoja wa Ulaya ulikuja Novemba 2021 na misheni iliyoongozwa na Ureno, ikafundisha kombania 11, makomando Chimoio na wanamaji Katembe. Ni kazi ya maana kwa jeshi. Polisi wa kawaida hawakuwa sehemu yake. Uchaguzi wa Oktoba 2024 ulipozua maandamano, polisi walifyatua risasi mitaani, na asasi za kiraia za huko zinahesabu waliouawa kwa mamia. Fedha zilikuwa zimekwenda kaskazini kwenye bunduki. Maafa yakatokea Maputo na Nampula.

Jirani pia ana maslahi yake. Rwanda inayosifiwa Cabo Delgado ndiyo ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanajeshi wake wako pamoja na M23 Kongo, jambo ambalo Kigali inakanusha, na Februari 2025 Baraza la Usalama liliitaka iondoe majeshi yake. Na tusijitoe wenyewe. Tulimwondoa Idi Amin mwaka 1979, tukakaa Uganda mpaka 1981, tukasaidia kulea jeshi jipya la UNLA. Mwaka 1985 jeshi hilo lilimpindua Obote, na Januari 1986 likashindwa na NRA, waasi wa Yoweri Museveni. Tulishinda vita kwa ushujaa mkubwa. Jeshi tulilosaidia kulilea halikumaliza muongo.

Kuna Haiti pia, ingawa jirani pale ni neno la kuazima. Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha polisi kikiongozwa na Kenya, cha watu 2,500. Wakenya 400 wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ileile ambayo polisi wa Nairobi walikuwa wakiwapiga risasi vijana walioingia bungeni. Kikosi kilitegemea michango ya hiari, hakikuwahi kufikia nusu ya idadi iliyopangwa, na Septemba 2025 kikaamuliwa kibadilishwe kuwa kingine. Mwalimu wa polisi huulizwa kwanza kwao anafanyaje.

Umoja wa Mataifa

Nguvu yake ni uhalali, na kanuni. Tangu 2011 una sera ya kutosaidia kikosi chenye rekodi ya ukatili. Mapema 2015 MONUSCO, misheni yake ya Kongo, ilisitisha msaada kwa operesheni ya jeshi la Kongo dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wenye asili ya Rwanda, kwa sababu majenerali wawili waliopewa uongozi walikuwa kwenye orodha yake ya watuhumiwa. Kinshasa ikasema basi, tutakwenda peke yetu, ikaenda. Wapo wanaouona huo kuwa ushahidi kwamba sera haina meno. Mimi nauona kinyume: afadhali mfadhili mmoja anayeweza kusema hapana kuliko watano wanaotia saini kila kinacholetwa.

Liberia, misheni ya Umoja wa Mataifa, UNMIL, ilikaa kuanzia 2003 hadi 2018, ikajenga polisi karibu kutoka sifuri. Januari 2007 India ilileta kikosi cha polisi cha wanawake watupu, cha kwanza cha namna yake katika misheni za Umoja wa Mataifa, na wasichana wa Monrovia wakawaona kila siku langoni na doriani. Udhaifu wake ni uleule wa siku zote, polisi waliofundishwa bila magari, redio wala mafuta.

Timor ya Mashariki inaonya zaidi. Polisi wa nchi hiyo walijengwa na Umoja wa Mataifa, wakakabidhiwa nchi, na mwaka 2006 wakasambaratika, wengine wakipigana na jeshi lao wenyewe. Ilibidi wageni warudi kushika kazi ya polisi, na safari ya pili wakakabidhi wilaya baada ya wilaya, kila moja ikikaguliwa kwanza, mpaka Machi 2011. Utaratibu huo wa pili ndio wa kuiga.

Kampuni

Sitakaa sana hapa. Marekani iliipa kampuni ya DynCorp kazi ya kuunda jeshi jipya la Liberia, watu 2,000, baada ya lile la zamani kuvunjwa. Uchujaji wake ulikuwa mzuri kuliko wengi niliosoma: picha za walioomba zilibandikwa hadharani ili aliyetendewa uovu na mmoja wao ajitokeze kusema. Ubaya ulikuwa kwenye mkataba. Ulikuwa wa Marekani na kampuni, Waliberia hawakuwa upande wowote wa karatasi ile, na Bunge lao halikuwa na mamlaka ya kuuliza kitu juu yake. Agosti 2014, wakati wa Ebola, jeshi hilo lilipelekwa kuzingira mtaa wa West Point, Monrovia, risasi zikapigwa, kijana akafa. Walikuwa wamefundishwa uaskari wa vita.

Kampuni za kupigana ni habari nyingine kabisa, na jibu langu ni hapana. Wagner, mamluki wa Kirusi, walifika Cabo Delgado 2019, wakapigwa, wakaondoka. Waliofuata, Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini, walituhumiwa na Amnesty International kufyatulia raia risasi kutoka helikopta. Jamhuri ya Afrika ya Kati, Desemba 2021 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mafunzo kwa kuwa askari waliofundishwa walikuwa wakiamrishwa na Wagner. Na Goma, Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 walioajiriwa upande wa serikali walisalimu amri na kusindikizwa nje kupitia Rwanda. Raia aliyedhulumiwa na watu hawa hana pa kushtaki.

Mapatano kabla ya mafunzo

Msaada wa tano hauna sare, na mara nyingi husahauliwa. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake Nelson Mandela, uliamua kwamba katika vikosi vya Burundi kabila moja lisizidi nusu. Uholanzi ikaja 2009 na mpango wa miaka minane wa kusaidia jeshi na polisi juu ya msingi huo.

Mei 2015 Rais Nkurunziza akiwa hapa Dar kwenye mkutano wa Jumuiya, baadhi ya maofisa walijaribu kumpindua. Wiki zile za Bujumbura zilionyesha kitu. Polisi, waliokuwa wamejazwa wapiganaji wa zamani kwa mkupuo, walikuwa wakiwapiga risasi waandamanaji, na mara kadhaa wanajeshi walisimama katikati kuwakinga raia. Nchi ileile, mkataba uleule. Jeshi, lililokuwa limechanganywa kwa uangalifu zaidi, lilishika nidhamu kwa muda kuliko polisi. Baadaye nalo likanyong'onyea, na Uholanzi ikasimamisha msaada.

Ukitakiwa kuchagua

Mji ukiwa umeanguka, jeshi la jirani ndilo litakalofika kwa wakati. Likubali, kwa tarehe ya kuondoka iliyoandikwa, na polisi wa kuja nyuma yake wawe wameshaandaliwa kabla helikopta ya kwanza haijaruka. Tusirudie ya 2013.

Vita vikiwa vimekoma na kuna mapatano ya kisiasa ambayo watu wanayaheshimu, chagua mshirika mmoja mkuu mwenye ahadi ya miaka 10 kuendelea, anayekaa ndani ya taasisi na kuwajibika kwa serikali ya pale. Wengine wote wachangie kupitia mpango huohuo. Kama serikali haiaminiki kwa raia wake, mkabidhi Umoja wa Mataifa kwanza, kwa mtindo wa Timor wa wilaya baada ya wilaya. Kampuni ipewe kazi ya kiufundi tu, mathalani mfumo wa kompyuta au ujenzi wa kituo, na mkataba usomwe bungeni. Kama hakuna mapatano hata kidogo, fedha za mafunzo zingetumika vizuri zaidi kuwaweka wahasimu kwenye chumba kimoja pale Arusha.

Kwa Kivu na Cabo Delgado, bajeti ikiwa ndogo, ningeanza na kitambulisho cha alama za vidole na malipo ya simu kwa kila polisi, namba ya siri akiijua mwenyewe. Kinachofuata ni ofisi ya malalamiko kila wilaya, nje ya kituo cha polisi, yenye mtu anayeongea Kiswahili, Kimwani au Kimakua kwa ufasaha. Vyuo na magwaride vingesubiri mwaka wa pili.